Feta: Jina la Kukopa, Asili ya Nyumbani

Ni vyakula vichache vilivyozua mabishano marefu katika mahakama za Ulaya kama feta, jibini nyeupe ya Ugiriki inayotengenezwa kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi, na kukomazwa ndani ya maji ya chumvi. Kwa zaidi ya miaka 25 nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya zilishindana kuhusu nani ana haki ya kuliandika neno hilo kwenye kopo la jibini, na kiini cha shindano hilo kilikuwa kama kitendawili, kwa kuwa neno feta halikuzaliwa Ugiriki, wala si jina la mji, bonde au kisiwa chochote. Limetokana na neno la Kiitalia fetta, lenye maana ya kipande kilichokatwa, na liliingia katika lugha ya Kigiriki kwenye karne ya 17. Ikiwa jina ni la kukopa na halitaji mahali, ni kitu gani basi kinachoweza kuitwa asili yake? Jibu lililokubaliwa hatimaye limo katika historia ya malisho, mifugo na mikono ya wachungaji, na historia hiyo ni kongwe kuliko jina lenyewe kwa karne nyingi.

Jibini, neno ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, ni maziwa yaliyogandishwa kisha yakachujwa maji. Mtindi huganda kwa uchachu wake wenyewe na hunywewa pamoja na maji yake, lakini jibini ya aina ya feta huhitaji kimeng'enya, yaani dutu ya asili inayochochea mabadiliko ndani ya chakula, ambacho kwa desturi hutolewa katika tumbo la mwanakondoo au mwanambuzi ambaye bado ananyonya. Kimeng'enya hicho huzishikamanisha protini za maziwa zikawa donge laini, na maji ya rangi ya kijani iliyofifia hujitenga pembeni yakibeba sukari ya maziwa na sehemu ndogo ya protini. Wagiriki wa kale walijua pia njia ya pili, ya kutumia utomvu wa mtini: utenzi wa Iliadi wa Homer unaitaja kwa tashbihi, ukilinganisha wepesi wa jeraha kufunga na wepesi wa maziwa kuganda yakishatiwa utomvu huo, na mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliieleza katika maandishi yake juu ya wanyama.

Neno la Kigiriki kwa jibini kwa ujumla ni tyri, na umri wake ni wa kustaajabisha. Mzizi wake unasomeka katika vibao vya udongo vya kasri la Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, vilivyookwa na moto ulioliteketeza kasri hilo mnamo mwaka 1200 kabla ya Kristo, ambamo makarani waliorodhesha jibini miongoni mwa sadaka zilizotolewa kwa mungu Poseidon pamoja na nafaka, divai na mifugo. Karne kadhaa baadaye, utenzi wa Odisei ukamwonyesha Polyphemus, jitu la jicho moja, akiwakamua kondoo na mbuzi wake pangoni kwa utaratibu ambao mchungaji yeyote angeutambua: nusu ya maziwa anaigandisha na kuikusanya katika vikapu vilivyosukwa, na nusu nyingine anaiacha vyomboni aje ainywe pamoja na chakula cha usiku. Jitu hilo ni la kubuni, lakini kazi yake haikubuniwa, kwa maana mtunzi aliwategemea wasikilizaji waliokwisha kuviona vikapu vya namna hiyo kwao. Katika Athens ya zama za kale jibini mbichi ilikuwa na sehemu yake maalumu sokoni, na hotuba moja ya mahakamani iliyoandikwa na Lysias inaonyesha kwamba wakimbizi wa mji wa Plataia waliokuwa wakiishi Athens walikuwa na desturi ya kukutana hapo kila siku ya mwisho ya mwezi. Soko la jibini lilikuwa, kwa hiyo, baraza la watu walioupoteza mji wao.

Kikapu cha Polyphemus hakijatoweka. Katika kisiwa cha Lemnos, kaskazini mwa bahari ya Aegean, hutengenezwa jibini ya maji ya chumvi iitwayo Kalathaki, jina lenye maana ya kikapu kidogo, na juu ya ngozi ya jibini hiyo hubaki alama za nyuzi za chombo ilimochujwa, hata mtu anayeishika mkononi anaweza kuhesabu misuko yake. Tofauti kubwa kati ya jibini ya pangoni na ile ya baadaye ni chumvi. Jibini mbichi ya kikapuni huliwa ndani ya siku chache, lakini ikizamishwa katika maji ya chumvi hukaa miezi mingi bila kuharibika, jambo lililokuwa na thamani kubwa katika nchi yenye kiangazi kikali. Maelezo mashuhuri ya uhifadhi huo yaliachwa na Pietro Casola, padri wa Milan aliyekuwa njiani kwenda kuhiji Yerusalemu mwaka 1494, ambaye alipotia nanga Candia, mji mkuu wa kisiwa cha Krete, aliona maghala makubwa yaliyojaa jibini zikielea katika maji ya chumvi yenye kina cha futi mbili, akasikitika kwamba zilikuwa na chumvi kupita kiasi. Wakati huo Krete ilikuwa chini ya Jamhuri ya Venice, na biashara ya jibini ilikuwa mojawapo ya shughuli za bandari yake.

Ni katika mazingira hayo ya biashara na utawala wa Waitalia ambamo neno fetta lilipata njia ya kuingia katika Kigiriki. Jibini iliyokatwa vipande vikubwa ili ipangike vizuri ndani ya pipa iliitwa kwanza jibini ya vipande, kisha kipande kikachukua nafasi ya jibini, na mwisho ikabaki feta peke yake. Mkopo huu haukuwa wa pekee, kwani jibini nyingi za Ugiriki zimevaa majina yaliyotoka mbali. Kasseri, jibini ya njano ambayo donge lake huchovywa katika maji moto na kukandwa hadi livutike, imechukua jina lake kutoka Kituruki. Graviera, jibini ngumu yenye ladha tamu kidogo, imeitwa kwa kuiga Gruyère ya Uswisi, na iliingia Ugiriki pamoja na mafunzo ya kitaalamu ya utengenezaji wa maziwa. Nyingine zina majina ya Kigiriki yanayojieleza yenyewe: ladotyri ni jibini ihifadhiwayo katika mafuta ya zeituni, krasotyri ni ile ikaayo katika mashapo ya divai, na anthotyros ni ua la jibini, yaani povu laini liibukalo juu ya maji ya maziwa yanapochemshwa. Majina hutembea na wafanyabiashara, lakini maziwa, ambayo huharibika upesi, hayakuweza kwenda mbali na malisho kabla ya zama za barafu ya mashine.

Malisho hayo yalikuwa na mwendo wake. Milima inashika sehemu kubwa ya ardhi ya Ugiriki bara, na majani hukauka kwenye tambarare wakati wa kiangazi huku yakichipua vilimani theluji inapoyeyuka, kwa hiyo tangu zamani wafugaji wa kondoo na mbuzi waliishi kwa kuhama kati ya makazi mawili. Watu waliojulikana zaidi kwa maisha hayo ni Wavlach, wanaozungumza lugha iliyotokana na Kilatini, na Wasarakatsani, wanaozungumza Kigiriki. Mwaka wao uligawanywa na sikukuu mbili: karibu na sikukuu ya Mtakatifu George, tarehe 23 Aprili, misafara ilianza kupanda milima ya Pindus na mingineyo, na karibu na sikukuu ya Mtakatifu Demetrius, tarehe 26 Oktoba, ilishuka tena kwenye tambarare za Thessaly, Makedonia na Epirus. Familia kadhaa ziliunganisha makundi yao chini ya mkubwa mmoja aliyeitwa tselingas, ambaye alikodi malisho, aligawa kazi na kujadiliana bei. Mfanyabiashara wa jibini naye alimpa tselingas fedha za utangulizi ili alipie malisho ya kipupwe, kisha wakati wa maziwa ukifika alimweka fundi wake karibu na mazizi, akayapokea maziwa yote ya ushirika na kulipana kwa hesabu ya mwisho wa msimu. Kwa utaratibu huo jibini ilikuwa rehani kabla haijaganda, na mchungaji aliyepatwa na kipupwe kibaya alijikuta akilipia deni la mwaka uliopita kwa maziwa ya mwaka uliofuata.

Kalenda ya Kanisa la Kiorthodoksi ilizidi kuifanya jibini ya kuhifadhiwa kuwa ya lazima. Kondoo wengi huzaa katika miezi ya kipupwe, na maziwa huwa mengi katika majira ya kuchipua, hasa baada ya wanakondoo kuachishwa ziwa au kuchinjwa kwa ajili ya Pasaka. Mwanzo wa kipindi hichohicho huangukia Kwaresima, ambayo kwa Waorthodoksi hukataza nyama, mayai na vyakula vyote vya maziwa, ikifuatiwa na Juma Takatifu lenye miiko ileile. Juma la mwisho kabla ya Kwaresima huitwa juma la jibini, kwa sababu nyama imekwisha kukatazwa lakini jibini bado yaruhusiwa. Mfugaji alikuwa, kwa hiyo, na maziwa tele katika siku ambazo yeye na jirani zake hawakuruhusiwa kuyanywa, na njia ya busara ilikuwa kuyageuza kuwa kitu kitakachodumu hadi mfungo uishe na soko lifunguke. Pipa la maji ya chumvi lilipatanisha dini na zizi.

Utengenezaji wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hatua zake ndizo zilizokuja kuandikwa katika sheria. Maziwa huletwa kiwandani na kutumiwa ndani ya saa 48 tangu kukamuliwa. Kiasi kisichopungua asilimia 70 lazima kiwe cha kondoo, na yanayobaki yaweza kuwa ya mbuzi wa eneo lilelile. Hupashwa moto hadi nyuzijoto 34 hadi 36 za Selsiasi, yaani karibu na joto la mwili wa mnyama mwenyewe, kisha hutiwa kimeng'enya na kuachwa yatulie kwa muda wa kati ya dakika 45 na saa moja. Donge likishashika, fundi hulikata vipande vidogo vya mraba, hulipumzisha ili lianze kutoa maji, halafu hulihamishia kwa uangalifu katika vyombo vyenye matundu, ambamo hujichuja kwa uzito wake wenyewe. Hapa ndipo penye siri ya umbo la feta: kwa kuwa hakuna mashine wala jiwe linaloligandamiza, ndani yake hubaki nyufa na vitundu vidogo, na jibini iliyokomaa hukatika vipande bila kusagika kuwa unga wala kunyumbuka kama mpira. Baadaye hukatwa mapande, hupakwa chumvi ya mawe juu na pembeni, hupangwa katika mapipa ya mbao au katika madebe ya bati, na kumiminiwa maji yenye chumvi asilimia 7. Kwa siku zisizozidi 15 mapipa hukaa mahali penye joto lisilopita nyuzi 18, ambapo bakteria huichachusha na kuipa ukali, kisha huhamishiwa katika ghala baridi la nyuzi 2 hadi 4 hadi itimize jumla ya angalau miezi miwili. Maji yaliyochujwa nayo hayamwagwi: yakichemshwa, protini zilizobaki huelea na kukusanywa kuwa myzithra, jibini laini isiyo na chumvi nyingi, hivi kwamba maziwa ya siku moja huzaa jibini mbili.

Weupe wa feta unatokana na mnyama, kwa sababu maziwa ya kondoo na mbuzi hayana karotini, rangi ya asili inayoyapa maziwa ya ng'ombe na siagi yake umanjano. Maziwa ya kondoo yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe, na kwa wastani lita nne hivi hutosha kutoa kilo moja ya feta. Kanuni zinadai zaidi ya hayo: mifugo iwe ya mbari zilizozoea eneo husika kwa jadi, chakula chao kitegemee mimea ya hapo, na ni mwiko kuongeza maziwa ya unga, rangi au dawa za kuhifadhi. Mimea hiyo ni ya aina nyingi, mingi yake ni vichaka vyenye harufu kali vinavyoota kwenye miteremko ya mawe isiyofaa kwa jembe, na ndiyo inayotofautisha ladha ya jibini ya mlima mmoja na ya mwingine.

Katika karne ya 20 mambo mawili yaliitoa feta katika mzunguko wake wa zamani. La kwanza lilitokea ndani ya Ugiriki, pale mipaka mipya ya dola za Balkani ilipozikata njia za mifugo, na pale wakimbizi waliofika kutoka Asia Ndogo baada ya mwaka 1922 walipogawiwa mashamba kwenye tambarare zilizokuwa malisho ya kipupwe. Wafugaji wengi walilazimika kutulia vijijini, na kazi ya fundi wa mazizini ikahamia taratibu katika viwanda vya maziwa. La pili lilikuwa uhamiaji wa Wagiriki kwenda Marekani, Kanada, Australia na Ujerumani, ambao uliipeleka ladha ya feta katika miji ambayo hapo awali haikuwa imeisikia. Mahitaji yakishakuwapo, wengine walijitokeza kuyatimiza. Denmark ilianza kutengeneza jibini iliyoitwa feta katika miaka ya 1930, na mwaka 1963 ikaiwekea kanuni zake yenyewe. Ufaransa ilianza mwaka 1931, ikitumia maziwa ya kondoo. Ujerumani ikafuata mwaka 1972. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Denmark vilisafirisha shehena kubwa Mashariki ya Kati, hasa Iran, vikitumia maziwa ya ng'ombe na ufundi mpya wa kuyachuja maziwa kwa shinikizo kupitia utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Utando huo huondoa maji kabla maziwa hayajaganda, kwa hiyo donge halihitaji kuchujwa tena, mavuno huongezeka, na jibini hutoka laini bila ufa. Ulikuwa uvumbuzi wa kweli, wenye faida kwa mwenye kiwanda na bei nafuu kwa mlaji, lakini kila hatua iliyoipa feta umbo lake katika zizi la Ugiriki ilikuwa imerukwa.

Swali la nani mwenye jina lilipata chombo cha kisheria mwaka 1992, pale Jumuiya ya Ulaya ilipopitisha kanuni ya kulinda majina ya vyakula yanayohusiana na mahali. Daraja la juu la ulinzi huo ni jina la asili lililolindwa, ambalo hutolewa kwa bidhaa ambayo sifa zake zinatokana na mazingira ya kijiografia, yakiwamo ya asili na ya kibinadamu, na ambayo huzalishwa na kutayarishwa yote katika eneo lililotajwa. Kinyume chake ni jina la jumla, yaani jina ambalo, hata kama zamani lilihusu mahali fulani, limekwisha kuwa neno la kawaida la aina ya chakula na kwa hiyo ni mali ya kila mtu. Kanuni hiyo ilikuwa na kifungu kilichoruhusu hata majina ya jadi yasiyo ya mahali kulindwa endapo yametimiza masharti, na kifungu hicho ndicho kilichoibeba feta. Ugiriki ilipeleka maombi yake mwezi Januari 1994, na mwezi Juni 1996 Kamisheni ya Ulaya ikaliandikisha jina hilo pamoja na mamia ya majina mengine.

Denmark, Ujerumani na Ufaransa zilikwenda mahakamani. Tarehe 16 Machi 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilibatilisha uandikishaji huo, kwa hoja kwamba Kamisheni haikuzingatia ipasavyo ukweli kwamba jina lilikuwa likitumika kihalali kwa muda mrefu katika nchi nyingine. Mahakama haikusema kwamba feta ni jina la jumla. Ilisema kwamba swali halikuchunguzwa vya kutosha. Kamisheni ikarudi kazini, ikakusanya takwimu za uzalishaji na ulaji kutoka nchi zote wanachama, ikaomba maoni ya kamati ya wanasayansi, ambayo mwaka 2001 ilikubaliana kwa kauli moja kwamba jina si la jumla, na mwezi Oktoba 2002 ikaliandikisha upya. Ujerumani na Denmark zilishitaki tena, na tarehe 25 Oktoba 2005 Mahakama ikayakataa mashitaka yao. Watengenezaji wa nje ya Ugiriki walikuwa wamepewa miaka mitano ya mpito, na ilipokwisha mwaka 2007 jibini zao zilibidi zitafutiwe majina mengine ndani ya soko la Ulaya.

Sababu za hukumu ya 2005 zina uzito kwa mwanahistoria kama zilivyo kwa mwanasheria. Mahakama ilikiri kwamba jibini nyeupe za maji ya chumvi zimetengenezwa kwa muda mrefu katika Balkani yote na mashariki mwa bahari ya Mediterania, lakini ikabainisha kwamba huko zinajulikana kwa majina mengine, kama sirene ya Bulgaria na beyaz peynir ya Uturuki. Iliona kwamba zaidi ya asilimia 85 ya ulaji wa feta katika Jumuiya, ukihesabiwa kwa kila mtu kwa mwaka, ulikuwa Ugiriki. Iliona pia kwamba hata jibini iliyotengenezwa kwingine iliuzwa mara kwa mara ikiwa na vibandiko vinavyokumbusha utamaduni wa Kigiriki. Ushahidi huo wa mwisho ulikuwa mzito, kwa sababu ulitoka mikononi mwa washindani wenyewe: mwenye kiwanda anayedai kwamba neno halina kwao, huku akilipamba kopo lake kwa alama za Ugiriki, ameshatoa ushahidi dhidi yake. Juu ya hayo Mahakama ilitaja malisho mapana na desturi ya kuhamahama na mifugo kuwa nguzo za uhusiano kati ya jibini na nchi yake.

Hata hivyo sheria, ikishachora mpaka, huacha wengine nje. Eneo la feta limetajwa kuwa Makedonia, Thrace, Epirus, Thessaly, Ugiriki ya Kati, Peloponnese na mkoa wa zamani wa Lesvos, ambao Lemnos ni sehemu yake. Krete haimo, wala visiwa vya Cyclades wala vya Ionian. Kisiwa ambacho maghala yake yalimshangaza Casola mwaka 1494 hakiruhusiwi leo kuuza feta. Fundi wa Krete anayezamisha jibini nyeupe katika maji ya chumvi lazima aiite jina jingine, sawa na mwenzake wa Denmark. Krete imejipatia ulinzi wa namna nyingine, kwa graviera yake na kwa jibini mbichi kama pichtogalo ya Chania, na Naxos ina graviera yake ya maziwa ya ng'ombe, ilhali Syros ina San Michali na Metsovo ina Metsovone inayofukizwa moshi. Jumla ya jibini za Ugiriki zenye jina la asili lililolindwa imepita 20, na kila moja imechorewa ramani yake. Ramani hizo zina manufaa, lakini msomaji wa historia hana budi kukumbuka kwamba wachungaji wa zamani walivuka mistari hiyo mara mbili kwa mwaka.

Ulinzi huo nao ulikuwa na mwanya. Ingawa watengenezaji wa Denmark waliacha kuuza jibini ya maziwa ya ng'ombe kwa jina la feta ndani ya Umoja wa Ulaya, waliendelea kuisafirisha kwa jina hilo katika nchi za nje ambako hapakuwa na mkataba wa kulilinda, na serikali yao ikashikilia kwamba kanuni za Ulaya haziwazuii. Kamisheni iliishitaki Denmark, ikiungwa mkono na Ugiriki na Cyprus, na tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ikaamua kwamba nchi mwanachama ina wajibu wa kuzuia matumizi hayo hata kwa bidhaa zinazokwenda nje. Kwingineko duniani hali inategemea mikataba. Kanada, kwa makubaliano yaliyoanza kutumika kwa muda mwaka 2017, iliwaruhusu watengenezaji waliokuwa wakilitumia jina kabla ya tarehe 18 Oktoba 2013 waendelee nalo, na kuwataka wapya waongeze maneno ya kuonyesha kwamba ni mfano tu wa feta. Nchini Marekani neno hilo bado ni la kila mtu.

Wakati jina likishinda mahakamani, mazizi yenyewe yamepita katika dhiki. Uhamaji wa mifugo kwa misimu, ambao mwaka 2019 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika kwa niaba ya Ugiriki, Italia na Austria, unafanywa sasa na familia chache, na mara nyingi kwa malori. Mwezi Septemba 2023 kimbunga kilichoitwa Daniel kiliifurikisha tambarare ya Thessaly na kuzamisha makumi ya maelfu ya mifugo. Mwezi Julai 2024 ukazuka katika eneo hilohilo ugonjwa ambao wafugaji wa Tanzania na Kenya wanaufahamu vizuri, sotoka ya mbuzi na kondoo, uliokuwa haujawahi kuonekana Ugiriki. Serikali ikapiga marufuku kuwahamisha wanyama hao nchini kote, na makundi yaliyoambukizwa yakauawa. Ndui ya kondoo na mbuzi nayo ilisambaa na kuongeza hasara.

Misiba hiyo inajibu, kwa njia ya uchungu, swali lililoulizwa na mahakama kwa miaka mingi. Jina la jumla halidhuriwi na kifo cha kundi moja, kwa sababu maziwa yakikosekana huku yataagizwa kule. Feta haina nafasi hiyo: kondoo wa Thessaly na Epirus wakipungua, hakuna maziwa ya nchi nyingine yanayoruhusiwa kuingia katika pipa lake, na sheria ileile inayolilinda jina ndiyo inayokataza kulijazia pengo. Neno lilitoka Italia, hukumu ilitoka mahakamani Luxembourg, na kilichobaki kuwa cha Ugiriki ni kondoo, majani na mtu wa kuamka alfajiri kukamua. Hivyo vitatu havilindwi na kibandiko chochote.